Marehemu Anakunywa Chai

Asubuhi Idarus alikunywa chai dirishani, nyumbani kwao Dagoretti Corner. Simu yake ya zamani ilipolia, mkewe Waridi ndiye aliyeipokea.

"Mwenyewe ni marehemu," alisema kwa upole. "Ndiyo. Tulishazika."

Kisha akammiminia marehemu kikombe kingine.

Mambo yalianza duka lao la vitambaa lilipofilisika. Idarus alishindwa kulipa mkopo wa benki, na maofisa wake hawakuacha kupiga simu. Waridi akawaambia mumewe amekufa. Baadaye Idarus aliuza gari akamaliza deni lote kwa malipo ya simu. Miaka sita ilipita. Simu ziliendelea, watu wakimtafuta wamuuzie mikopo mipya, na Waridi aliendelea kumzika.

Sasa Mzee Dilip, mwajiri wa Idarus mjini, alikuwa anastaafu. Alitaka kumuuzia Idarus duka lake. Pesa zilizopungua kwenye bei zilitakiwa zipatikane kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo duka lingeuzwa kwa mtu mwingine.

"Omba sacco," alisema jirani yao Kaluki, afisa wa mikopo katika sacco, chama cha akiba na mikopo ambacho Idarus alikuwa mwanachama.

"Jina langu liko CRB, kwenye rekodi za walioshindwa kulipa mikopo. Likiingia huko halitoki."

"Nani alikudanganya, Baba Nabiha? Deni lisipolipwa, linakufuata. Likishalipwa, rekodi inabaki miaka mitano, ikionyesha umelipa. Kisha inaondolewa. Na kila mwaka una haki ya nakala moja bure. Umewahi kuangalia?"

"Niangalie kaburi langu mwenyewe?"

Kaluki alimwonyesha namna ya kuomba nakala kwa simu. Ilipofika, waliisoma pamoja. Deni la duka la zamani halikuwepo. Jina lilikuwa sahihi, na nambari ya kitambulisho pia. Chini yake palikuwa na neno moja: Amefariki.

Idarus alijigusa shingo, kama anayetafuta mapigo.

"Ni mimi," Waridi alinong'ona. "Nimekuua mwenyewe."

"Benki iliandika ulichosema, bila kudai cheti cha kifo," Kaluki alisema. "Hilo ni kosa lao. Lenu mnalijua. Ila mfu hakopeshwi, hata kama rekodi yake ni safi. Andikieni CRB malalamiko, mwambatishe kitambulisho. Wao wataiuliza benki. Na akitokea mtu anayetaka hela ili akusafishie jina, mfukuze."

Waliandika siku hiyohiyo. Idarus alikwenda pia benki, Upper Hill. Karani alitazama kompyuta, akamtazama yeye, akarudi kwenye kompyuta.

"Wewe ni mtoto wake?"

"Ni mimi mwenyewe."

Karani alivuta kiti chake nyuma kidogo. Kisha akachukua kitambulisho na kukilinganisha na uso, polepole.

Marekebisho yalifika kabla ya mwezi kwisha. Sacco ilitoa mkopo. Mzee Dilip akampa Idarus funguo.

"Sasa usife tena," alimwambia.

Asubuhi iliyofuata simu ya zamani ililia. Waridi aliinyakua kwa mazoea.

"Mwenyewe ni..."

Akageuka. Mumewe alikuwa pale dirishani, mvuke wa chai ukimpanda usoni.

"Yupo," alisema. "Ngoja nimpe."

Idarus alishika simu.

"Halo?"

Upande wa pili karatasi zilipekuliwa.

"Samahani," mtu akasema hatimaye, "sisi tuliambiwa..."

"Mlidanganywa," Idarus alijibu. "Niko hapa."