Kati ya Nne na Saba

Kisomasukari kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Kilipachikwa chini ya ngozi ya mkono wa Chilumba, na kila dakika tano kilipima sukari kwenye damu yake kikamnong'oneza sikioni. Lengo alipewa siku alipoanza dawa ya kisukari: kabla ya kula iwe kati ya nne na saba, na wastani wa miezi mitatu ushuke chini ya asilimia saba. Yeye alianzia tisa. Asipofika, winchi kubwa ya bandari ya anga ya Lindi, aliyoiendesha miaka ishirini na sita, angekabidhiwa roboti. Roboti mwenyewe alishaletwa, anasubiri pembeni.

Chilumba hakuwa mtu wa kushindwa na bati. Siku mbili kabla ya kliniki yake ya kwanza akafanya kama alivyofanya marehemu baba yake: akaacha kula ili kipimo kisome vizuri. Vidonge akameza kama kawaida, akashushia chai ya rangi.

"Tano," kilinong'ona kisomasukari. "Nne." Mzee akatabasamu. Kilipotaja tatu nukta moja, yeye akiwa kazini, jasho lilikuwa likimtiririka na mikono inatetemeka. Winchi, iliyounganishwa na kisomasukari, ikajifunga yenyewe, tangi la tani arobaini likining'inia hewani.

"Shikamoo, mzee," alisema Dakta Somoe wa kliniki ya bandari baada ya kumnywesha maji ya sukari. "Ulikuwa unamdanganya nani?"

"Marahaba. Nilidhani ikishuka zaidi ndiyo nimefaulu."

"Nne ndiyo sakafu, baba. Ukiitoboa unaanguka, tena na tangi letu. Dawa hii inashusha sukari, ule usile. Kwa hiyo kula: dona, maharage, mchicha, kwa kiasi na kwa saa yake."

Aliona aibu sana, lakini akatii. Akala kwa saa, akatembea kila jioni. Miezi mitatu ilipotimia wastani ulisoma sita nukta nane, na Chilumba akapiga vigelegele mle mle kliniki, mwanamume mzima.

Siku ya kurusha roketi ya mwezini ikafika. "Mzee Chilumba, inua!" mkuu wa bandari aliamuru. Sikioni kikanong'ona: nne nukta moja, saa ya chakula.

"Roketi ingoje, mkuu. Nakula kwanza."

Bandari nzima ikasubiri. Roboti aliyeletwa kumrithi akaambiwa amshikie bakuli la maharage.