Rangi ya Eunice

Bango la ofisi ya Kasmiri Mugeta pale Nyasho, Musoma, lilisomeka "Kasimiri Video". Fundi aliyelichora aliongeza irabu moja ambayo haikuwamo, na Kasmiri hakujisumbua kumrudisha. Mama yake, Nyangi, alikuwa amekuja kutoka Butiama kusubiri mkwewe ajifungue, na kila alipopita chini ya bango lile alisonya.

"Jina la mtu linachezewa hivi?"

"Mama, macho yenyewe hayaoni vizuri, irabu umeionaje?"

"Nimesomewa na mkeo."

Kasmiri alicheka. Wateja walikuwa wanafika, na hilo lilimtosha. Nyumba waliyopanga ilikuwa nyuma ya ofisi; mlango mmoja tu ulitenganisha kompyuta na jiko la mkewe, Eunice. Kutwa nzima mke na mume waliitana kupitia mlango huo. Eunice, chai. Eunice, umeme umekatika na huko? Naye alikuwa mwepesi wa kuitika, hata kabla jina halijaisha mdomoni.

Jumatatu moja asubuhi Gody, mpiga picha wa Bunda, alimletea kazi. Ilikuwa video ya shughuli ya kumaliza matanga ya Dafroza Masatu, mke wa Mzee Samweli Mafuru wa Kibara. Marehemu alikuwa shangazi wa Eunice kwa ukoo, na Eunice alikwenda Kibara na mimba yake kubwa, akaimba na kwaya, akarudi na furushi la dagaa na miguu imevimba. Kasmiri hakwenda. Wala hakuwahi kumwona Dafroza mwenyewe, hai wala pichani.

"Kaka, nimeharibu," Gody alisema, akichomeka kadi. "Wamama walikaa chini ya turubai la bluu. Wametoka bluu wote, utadhani wameopolewa ziwani."

"Si ungewahamisha?"

"Nihamishe wamama wa Kibara? Unataka nipigwe na mwiko?"

Wakacheka tena. Gody aliaga akapanda gari la Bunda. Kasmiri akavuta kiti.

Kazi ya kusahihisha rangi ina njia nyingi, na fundi mzuri hujulikana kwa kuchagua. Njia ya kwanza ni kuiachia mashine iamue yenyewe. Ya pili ni kuionyesha kitu ambacho kweli ni cheupe, ili ipime vingine vyote kwa hicho. Ya tatu ni ya mkono: unapandisha mwanga, unashusha bluu, kidogo kidogo. Ya nne ni kuazima: unachukua rangi ya uso uliopigwa vizuri, unaibandika kwenye uso ulioharibika.

Mashine ilifanya vizuri kuliko alivyotarajia. Safu nzima ya wanawake ikarudi kwenye rangi zao, vitenge vikawaka, mashavu yakapata joto. Isipokuwa mmoja. Mwanamke aliyekaa pembeni, peke yake, kwenye kigoda kifupi, ametazama upande. Yeye alibaki kijivu kama jivu la mkaa.

Kasmiri akajaribu njia ya pili. Akachukua weupe wa kanzu ya padri. Kila kitu kikakubali, kijivu kile kikakataa. Akaenda kwa mkono. Akapandisha wekundu hata majani ya migomba yakawa kama yanaungua. Mwanamke wa kigodani hakubadilika. Kasmiri akaanza kunung'unika peke yake.

Nyangi alikuwa mlangoni akichambua mchicha kwa kupapasa. "Unagomba na nani humo?"

"Kuna mama mmoja huku hataki rangi. Kila ninayompa anakataa."

"Kama wewe ulivyokuwa." Nyangi alitabasamu. "Ulizaliwa unalia, hunyonyi, hulali. Tukakuitia majina ya waliotangulia, moja moja, ndivyo tunafanyaga. Likifika la kwake, mtoto ananyamaza. Ulikataa majina yote mpaka tulipofika kwa babu yako, Mugeta. Kimya! Basi na huyo wako bado hajafikiwa jina lake."

"Nitamtafutia, mama."

Ilibaki njia ya kuazima. Alitafuta uso mzuri wa kuazimia, na hakuhitaji kwenda mbali. Katika safu ya kwaya, nje ya turubai, Eunice alikuwa amesimama juani, mdomo wazi kwa wimbo, ngozi yake ya kahawia iking'aa kama udongo uliotoka kunyeshewa. Kasmiri aliusogeza mshale juu ya shavu la mkewe. Mafundi wa Musoma wanaiita hatua hiyo kunyonya rangi. Akanyonya. Akaipeleka kigodani.

Programu ile haihifadhi sahihisho lisilo na jina. Kisanduku kikafunguka, kikisubiri. Kasmiri hakufikiri. Rangi ilitoka kwa Eunice, akaandika "Eunice".

Uso wa kijivu ukatulia. Rangi ikapanda kuanzia shingoni, polepole, kama damu inayorudi kwenye mkono uliokuwa umefungwa kamba.

"Amekubali!" alisema kwa sauti. "Eunice, njoo uone!"

Eunice alikuja na kikombe cha uji. Akainama, akatazama, akacheka.

"Sasa mbona umeniweka mara mbili?"

"Wapi?"

"Huku naimba, huku nimekaa." Kicheko kikapungua. "Tena kwenye kigoda cha marehemu. Kasmiri, usinifanyie mchezo. Kile kinaachwaga wazi. Hakuna mtu alikaa pale."

Kasmiri aligeuka kutazama tena. Kwake alikuwa mwanamke yule yule, mtu mzima, asiyemjua. Aliporudisha macho kwa mkewe, midomo ya Eunice ilikuwa imekauka rangi kama iliyopakwa unga.

Hospitalini walisema damu imepungua, jambo la kawaida kwa mjamzito. Wakamlaza, wakamwongeza damu, wakampa vidonge. Damu iliingia. Rangi haikuingia. Viganja vyake vilikuwa vya kijivu, na kucha, na pembe za macho. Aliporuhusiwa, majirani wa Nyasho walisema mimba imemkalia vibaya. Walisema na kuondoka haraka.

Siku iliyofuata Kasmiri alikuwa mbele ya kompyuta, Eunice nyuma yake akichagua mchele kwenye ungo.

"Eunice."

Kokoto zikaendelea kudondoka sakafuni. Tik. Tik.

"Eunice!"

Hakuinua kichwa. Kasmiri alimshika bega, naye akashtuka. "Umeniita? Sijasikia."

Kasmiri akarudi kitini. Picha ilikuwa imesimamishwa tangu asubuhi, hakuwa ameigusa. Mwanamke wa kigodani hakuwa ametazama upande tena. Alikuwa amegeuka, anatazama mbele, kama mtu aliyeitwa.

Akalifuta lile sahihisho. Eunice wa kwaya akawa kijivu. Wa kigodani akabaki na rangi yake. Akafuta kazi yote, akaanza upya kutoka kwenye kadi. Hivyo hivyo. Akachagua njia ya mwisho ambayo fundi huiendea akishindwa: akaondoa rangi kabisa, picha nzima iwe nyeusi na nyeupe. Migomba ikafa rangi. Turubai likafa. Watu wote wakafa rangi. Mmoja alibaki wa kahawia.

Alifikiria kumwazimia yule wa kigodani rangi ya mtu mwingine, ili amwachie Eunice. Dada yake Kasmiri, Hilda, anayeishi Kitaji, alikuwa amemsindikiza wifi yake Kibara na alionekana kwenye picha akigawa soda. Kasmiri aliusogeza mshale mpaka kwenye shavu la Hilda. Hakubonyeza. Simu ikaita.

"Kaka," Hilda alisema kwa sauti ndogo, "mbona nasikia baridi usoni? Upande mmoja tu. Huko kwenu kuna nini?"

Akauondoa mshale. Njia zote alizozijua zilikuwa mbele yake, na hakukuwa na hata moja isiyomgharimu mtu.

Alikwenda Kibara. Mzee Samweli alikuwa akianika mihogo juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, akivipanga vipande kwa nafasi ili jua lifike kote. Alimsikiliza mkwewe bila kumkatiza.

"Nilimwambia Gody kigoda asikipige," alisema. "Vijana hamsikiagi."

"Nani alikaa pale, mzee?"

"Kinaachwa kwa mwenyewe." Alikigeuza kipande cha muhogo. "Dafroza hakuacha wajina. Wajukuu wote wa kiume. Tangu tumzike, jikoni mwake kulikuwa na kulia. Kama kichanga. Padri alikuja, kukaendelea. Tukamaliza matanga, kukaendelea. Halafu Jumatatu ile, mchana, kukanyamaza. Tulishukuru Mungu."

Kasmiri akakumbuka maneno ya mama yake. "Alikuwa anatafuta jina."

"Ndiyo."

"Amepewa na nani?"

Mzee Samweli alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja kitu asichojua thamani yake.

"Nifanye nini, baba?"

"Mkeo akizaa wa kike, mpeni Dafroza. Apate wajina wake. Huenda akarudisha jina la watu."

"Huenda?"

Mzee aliinamia mihogo yake. Kutoka jikoni kwa marehemu hakukusikika kitu.

Eunice alijifungua salama, mtoto wa kike. Wakunga walishangaa, mama kijivu namna ile, na mtoto ana rangi nzuri ya kahawia, inayong'aa. Kasmiri alimpokea mikononi, akamwinamia sikioni kabla hata hajamwona vizuri.

"Dafroza. Wewe ni Dafroza."

Mtoto akalia.

Alilia mpaka nyumbani. Alilia asubuhi, akalia mchana. Hakunyonya. Hilda alikuja kutoka Kitaji, wakapokezana kumbeba. Kasmiri alilirudia jina lile mpaka likapoteza maana, Dafroza, Dafroza, na kila aliporudia mtoto alijikunja kama aliyemwagiwa maji.

"Siyo lake," Nyangi alisema. "Huyo mwenye jina hayupo tena huko anakoitwa. Nileteeni mtoto."

Aliketi kwenye mkeka, akamlaza mapajani, akaanza. Nyamisi. Mtoto analia. Wegesa. Analia. Nyabuko. Aliwaita wa Butiama, akawamaliza. Akawaita wa ukoo wa mama yake mtoto, wa Kibara, mmoja mmoja, kwa utaratibu, bila kuruka. Sauti ya mtoto ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi inayokwaruza. Ya Nyangi pia.

Kitandani Eunice alikaa ameelekea ukutani.

"Koo limekauka," Nyangi alisema. "Eunice, mwanangu, nisogezee maji."

Kimya.

Mtoto alikuwa amenyamaza. Katikati ya kilio, kama kamba iliyokatwa. Akapanua macho, akaanza kunyonya kidole.

Hilda alijifunika mdomo. Nyangi akabaki ameinamisha kichwa juu ya mtoto, hapumui.

"Msilitaje tena," alinong'ona.

"Mama, hilo ni jina la mama yake," Kasmiri alisema. Naye alikuwa ananong'ona. "Tunawaitia majina ya waliokufa. Huyu yupo. Yule pale, amekaa."

"Basi mwite."

Kasmiri hakutaka. Alitazama mgongo wa mkewe, ule mgongo alioujua, kitenge alichomnunulia yeye mwenyewe, na shingo ya kijivu juu yake. Akaita kwa upole, kama zamani kupitia mlangoni.

"Eunice."

Kwenye mkeka, mtoto akageuza kichwa kumtazama. Kitandani hakuna aliyejitikisa.

Mtoto aliandikishwa kwa jina hilo; mengine yote alirudi kuyalilia. Anakua vizuri, na Nyasho yote inamsifu kwa rangi yake. Gody aliichukua video kama ilivyo na kuipeleka Kibara, nako waliipokea bila lalamiko. Nyangi alirudi Butiama. Alipopita chini ya bango hakusonya. Aliinamisha uso.

Mkewe Kasmiri yupo. Anapika, anafagia, anauliza habari za kazi. Kama ilivyo desturi kwa mwanamke aliyezaa, sasa watu wanamwita Mama Eunice, na kwa hilo anaitika upesi, kwa sauti tamu, kabla halijaisha mdomoni. La kwake mwenyewe halisikii. Kasmiri ameacha kumwita.

Jambo moja hajalipatia maelezo. Ndani mwao kuna viti vya kutosha, lakini mkewe akitaka kunyonyesha huviacha vyote na kukaa kwenye kigoda kifupi, pembeni, peke yake, ametazama upande. Hilda anasema si yeye aliyekileta. Nyangi alikataa hata kukigusa. Mchana chumba huwa na jua zuri kutoka dirishani, jua jeupe, na mtoto mapajani huonekana wa kahawia, mwenye rangi yake kamili. Mama yake huonekana bluu, kama wale wamama wa video ya Gody.

Na humo ndani hakuna turubai.