Aliyepungwa Kabla ya Kuitwa

Kila neno litamkwalo chini ya mbingu lina wa kuliandika. Ngowa aliyajua hayo kuliko wenziwe, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kunasa sauti za filamu. Na adhuhuri ile ya Alhamisi, katika nyumba ya kukodi nyuma ya Kisumu Ndogo, Malindi, alisikia masikioni mwake jambo dogo lisilostahili kuwapo. Kinasa sauti alichokificha ndani ya leso ya Sumeiya, mwigizaji wao, kilikuwa kikileta pumzi mbili. Moja ilikuwa ya Sumeiya, nyepesi na ya haraka. Ya pili ilikuwa nzito, na ilivutwa kila ya kwanza ilipotoka.

"Kata!" akaita Alamin, mwongozaji wa filamu, ambaye ndiye mume wa Sumeiya. "Ngowa, mbona umekunja uso? Sauti imeharibika?"

Walikuwa watu sita. Madirisha walikuwa wameyaziba kwa mablanketi ya kuazima, wakaufanya mchana kuwa usiku. Funguo za nyumba zilitakiwa kurudishwa Jumapili, na kurudia onyesho ni kumkasirisha Alamin.

"Ni upepo tu, bosi."

"Upepo wa wapi, na madirisha tumeyaziba? Sema ni mbaazi zako za asubuhi!"

Wote wakacheka, isipokuwa Sumeiya. Alibaki ameketi juu ya kigoda cha maigizo, mikono magotini, na chumba ambamo hamkufukizwa kitu ila makumbi ya nazi kikaanza kunuka ubani.

Ole wake ajuaye akanyamaza. Lakini tumhurumie Ngowa, kwani ni nani kati yetu ambaye hakuwahi kuita upepo jambo alilolijua si upepo?

Alasiri, Bi Mwanamina, mamake Sumeiya, alimleta Azim anyonye. Mtoto huyo wa miezi mitano alizoea kucheka kwa kusikia tu nyayo za mamake. Siku hiyo alipowekwa kifuani alikakamaa, akageuza uso, akalia mpaka sauti ikakauka. Hakuwa akimtazama mamake. Alikuwa akitazama juu ya bega lake.

Mpaka Jumamosi Azim hakuwa amenyonya. Chupa aliitema, uji aliutapika. Hospitalini hawakuona ugonjwa. Walimpa maji ya chumvi na sukari, wakasema dawa yake ni ziwa la mama. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Na mama mwenyewe hakukubali kuondoka kigodani.

Ndipo akaitwa Ustadh Uthman.

"Assalamu alaykum," alisema mlangoni.

"Wa alaykumu salaam, Ustadh. Karibu." Midomo ilikuwa ya Sumeiya, sauti ilikuwa ya mwanamume mtu mzima, mpole, mwenye adabu. "Niwie radhi, siwezi kuinuka. Kiti kikiachwa huchukuliwa."

"U nani?"

"Mgeni."

"Nani aliyekualika?"

Kidole cha Sumeiya kikainuka polepole, kikamwelekea Alamin. "Mwenye nyumba."

Ustadh akamvuta Alamin uani. "Mwanangu, mlifanya nini humu? Usinifiche."

Alamin akaeleza kwa sauti ya kunong'ona. Filamu yao ilihusu mwanamke aliyepandwa na jini. Ili ipate ladha ya kweli, alimleta Mzee Kavumbi, mganga wa Magarini aliyepunga majini kwa ngoma na maneno tangu ujana wake. Mzee alikuwa na nafasi Jumatatu tu, kwani kesho yake alikuwa akienda mazikoni Adu. Basi Jumatatu wakapiga onyesho la mwisho, mzee akimtoa jini. Na Alhamisi, mzee hayupo, wakapiga onyesho la mwanzo, Sumeiya akitamka maneno aliyofundishwa na mzee: *Mgeni, kiti ki wazi, karibu uketi.* Kwa waganga, kiti ni yule mtu ambaye jini humpanda.

"Ndivyo filamu zifanywavyo, Ustadh. Twaanza na lililo tayari, kisha twapanga."

Ustadh alihesabu siku kwa vidole. "Basi mlimpunga kabla hajaja. Kisha mkamwita, mkakunja mablanketi, mkaenda kula."

"Tulikuwa twaigiza!"

"Wewe ulikuwa ukiigiza. Yeye alialikwa. Yuko wapi huyo mzee?"

"Amefariki. Jana, huko huko Adu. Nimepiga simu, akapokea bintiye."

"Basi tuna Mola wetu, naye atosha. Nitasoma siku saba, nawe utubie, uifute kazi hii yote."

"Siku saba? Mwanangu hafiki siku saba!"

"Naanza sasa. Lakini sikiza, Alamin: usitafute kinga kwa hao hao uwakimbiao. Walikuwapo waliofanya hivyo kabla yetu, wakazidishiwa tabu."

Alisoma Ayatul Kursi, akasoma na kinga nyinginezo, na mgeni akainamisha kichwa akisikiliza. Machozi yakamtoka Sumeiya, na kwa sauti yake mwenyewe, iliyotoka mbali kama ya mtu aliye ndani ya kisima, akasema, "Baba Azim, ni mzito." Lilikuwa neno moja la rehema, na lilitosha kwa mwenye subira. Adhana ya adhuhuri ikalia. Ustadh akainuka. "Nakwenda kuswali, narudi. Msimguse."

Alipopotea njiani, Alamin alimgeukia Ngowa. "Mvishe kile kinasa sauti, tujue akiondoka. Kisha niwekee sauti ya Jumatatu."

"Bosi, Ustadh amesema tungoje."

"Anayekufa njaa ni mwanangu au Ustadh? Weka!"

Ngowa akaweka, na sauti ya marehemu ikatoka spikani ikajaa chumba chote, ngoma ikigonga nyuma yake, ubani ukizidi hata wakakohoa, na Sumeiya akaanza kutikisika juu ya kigoda huku masikioni mwa Ngowa ile pumzi nzito ikienda kasi, ikikwaruza, ikipanda kama mtu akwezaye gogo mlimani, na mzee akisema bila haraka, "Mgeni, umekula, umekunywa, umeheshimiwa, kiti hiki si chako tena, shuka, nakwambia shuka, nawe uende—"

"Kata!"

Ilikuwa sauti ya Alamin mwenyewe, ya Jumatatu.

Kisha sauti ya mzee, ikinung'unika: "Mwanangu, sijamwambia aende wapi."

Na Alamin wa Jumatatu akicheka: "Yatosha, mzee. Betri ya kamera imekwisha, na picha tunayo."

Sumeiya alianguka kutoka kigodani kama leso iliyokatikiwa na kamba. Alipofumbua macho yalikuwa macho yake. "Mwanangu yu wapi?" aliuliza, na sauti ilikuwa yake.

Bi Mwanamina alikuja mbio na Azim. Mtoto alilikamata ziwa kwa pupa, akanyonya, akameza, akanyonya. "Alhamdulillah!" Bibi akapiga magoti akilia. "Alhamdulillah, Mola hamtupi mja wake!"

Alamin alifuta machozi. "Ngowa, ameondoka?"

Ngowa alibana vipokea sauti masikioni. Kinasa sauti kilikuwa bado lesoni, karibu na kinywa cha mtoto. Alisikia pumzi ya mama, iliyotulia. Alisikia pumzi ndogo ya mtoto, ikipita puani kati ya funda na funda. Akahesabu tena, akiomba awe amekosea. Ya tatu ilikuwa nzito, na ilivutwa kila ile ndogo ilipotoka.

"Ngowa! Wasikia nini?"

Mola, kwa rehema yake, huuliza swali mara ya pili. Safari hii Ngowa hakusema ni upepo. Alivua vipokea sauti vyake, akamvisha Alamin.

Alamin alisikiliza akitabasamu. Kisha tabasamu likafa, na midomo yake ikaanza kuhesabu: moja, mbili.

Azim aliliachia ziwa. Akageuza kichwa taratibu, akamtazama babake kwa adabu, kama mgeni aliyeambiwa ahame naye akapata pa kukaa. Na Ustadh Uthman alikuwa angali msikitini, rakaa nne mbali.