Taa Ambayo Selin Hakuiona

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Selin alishuka ufukweni pamoja na mama yake, Tresia, kumsaidia baba kuchambua wavu. Zamani kazi hiyo ilikuwa tamu. Wavu ulirudi umejaa chaala, wale dagaa wanene wenye mafuta, na kijiji kizima cha Kadalpuram kilinukia mchuzi wao. Watu walikula mihogo na chaala asubuhi, wakala tena jioni, hadi watoto wakanung'unika, "Chaala tena?"

Siku hizi hakuna aliyenung'unika. Maji ya bahari yalikuwa yamepata joto, na kwa mwaka wa tatu sasa chaala walionekana kwa nadra. Asubuhi ile Lorans, baba yake Selin, aliutandaza wavu mchangani. Ndani mlikuwa na yavuyavu wanaowasha mikono, mifuko ya plastiki, na bunju kumi na wanne waliojivimbisha kama mipira. Bunju hawaliwi, na kwa meno yao makali walikuwa wameutoboa wavu hapa na pale.

"Hawa nao!" Lorans akamtupa mmoja kando. "Wananitafunia wavu, halafu wananivimbia!"

Tresia alicheka. Selin hakucheka. Macho yake yalikuwa upande wa pili, ambako watu waliuzunguka mtumbwi wa Silvester, mdogo wake baba. Dalali wa mnada alikuwa akipaza sauti. Katika vikapu vya Silvester mlikuwa na ngisi wakubwa, changu wekundu, na chewa mmoja aliyebebwa na watu wawili.

"Baba, mbona ba'mdogo anapata?" Selin aliuliza.

"Bahari ni ya Mungu," Lorans alijibu, akauinamia wavu wake. Ilikuwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa mara ya pili.

Silvester alikuwa na binti aitwaye Brijit. Yeye na Selin walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, walisoma darasa moja, na tangu wakiwa wadogo walikwenda shule wameshikana mikono. Mwezi uliopita Brijit alinunuliwa baiskeli ya buluu. Asubuhi ile alisimama mlangoni kwa kina Selin akapiga kengele.

"Selin, panda nyuma twende! Tutachelewa."

"Nenda tu. Miguu yangu haijavunjika."

"Una nini wewe siku hizi?"

"Sina kitu. Mwenye vitu ni wewe."

Brijit alimtazama kidogo, kisha akaenda zake polepole, kama anayengoja kuitwa. Selin hakumwita.

Kijicho ni ugonjwa usioonekana, lakini mgonjwa anaujua. Mchana, baada ya shule, mama mdogo Metilda, mke wa Silvester, alileta bakuli la ngisi waliokaangwa kwa nazi. Tresia alishukuru sana. Selin alisema tumbo linamuuma, akala mihogo na pilipili, huku harufu ya nazi ikimtia uchungu. Aliona kana kwamba kila tonge la ngisi lilikuwa la kumcheka baba yake.

Jioni ya siku hiyo alikwenda bombani kuteka maji. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao, na mazungumzo yalikuwa juu ya Silvester.

"Waume zetu wote wanarudi na yavuyavu, yeye anarudi na chewa," alisema Filomina, ambaye watu walimtania kuwa ndiye redio ya kijiji. "Kuna siri hapo, jamani."

"Labda ana bahati," mwingine akasema.

Selin alikuwa amepita karibu na mtumbwi wa baba yake mdogo siku mbili nyuma, akaona betri chini ya gunia. Hilo lilikuwa kweli. Lakini maneno yaliyomtoka hayakuishia hapo.

"Si bahati, ni taa," alisema. "Nimeiona kwa macho yangu. Taa kubwa, na betri yake wameificha chini ya gunia."

Wanawake wote wakageuka. Kuvua kwa taa kali kulikatazwa, kwa kuwa taa huwavuta samaki wakubwa na wachanga pamoja, na wanaobaki kuambulia maji matupu ni majirani.

"Taa!" Filomina alijishika kifua. "Kumbe samaki wetu wanaibiwa na mtu wa hapa hapa!"

Selin alijitwika ndoo yake akaondoka. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alijiona mwepesi.

Asubuhi iliyofuata dalali alikataa kuwanadi samaki wa Silvester. Mtu mmoja alikipiga teke kikapu cha Metilda, ngisi wakatapakaa mchangani. Adhuhuri kamati ya wavuvi ya parokia ilimzuia Silvester kwenda baharini mpaka shauri lisikilizwe Jumapili. Shuleni, wavulana walimfuata Brijit wakiimba, "Washa taa! Washa taa, tuone samaki!" Brijit aliisukuma baiskeli yake kwa mkono, kichwa chini, mpaka kwao. Selin alimtazama kwa mbali, na ule wepesi wa jana ukampotea.

Kabla usiku haujaingia, Lorans alimwita Selin uani.

"Nimesikia umesema umeona taa kwenye mtumbwi wa ba'mdogo wako. Ni kweli?"

Hapo Selin angeweza kujirudi. Lakini alipouinua uso, aliona kwamba baba yake alikuwa akitamani jibu liwe ndiyo. Kama Silvester ni mwizi, basi Lorans si mvuvi mbaya.

"Ndiyo, baba."

Lorans alishusha pumzi ndefu. "Haya. Jumapili utasema mbele ya kamati."

Siku mbili zilizobaki kabla ya shauri Selin hakulala vizuri. Jumapili, baada ya misa, watu walijaa barazani pa ukumbi wa parokia. Padri Klementi alikaa kando, na mwenyekiti wa kamati, mvuvi aitwaye Antoni, akamwomba Silvester ajieleze.

Silvester alilifungua gunia lake mbele ya wote. Akatoa betri, kidude kidogo chenye kioo, na mishipi iliyozungushwa kwenye vijiti, kila ndoana imefungwa uzi mweupe.

"Chaala walipokwisha, nilikaa na njaa kama ninyi," alisema. "Nikakumbuka marehemu baba yetu alivyokuwa akivua ngisi kwa mshipi kwenye miamba ya mbali. Nikajifunza upya. Miezi minne nilirudi mikono mitupu, na ninyi mlinicheka. Betri hii inakipa umeme kidude hiki, nacho kinanionyesha njia ya kurudi mwambani. Taa sina. Njooni mpekue nyumba yangu."

"Lakini kuna shahidi," Antoni alisema. "Selin binti Lorans, simama. Eleza taa hiyo ilikuwaje."

Selin alisimama. Mbele yake aliketi Brijit, amevaa gauni la kanisani, macho yamemvimba. Metilda naye alikuwa akimtazama bila hasira yoyote, kama bado anaamini kwamba mtoto huyu atasema jambo jema. Hilo ndilo lililomshinda Selin.

"Hakukuwa na taa," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Hakukuwa na taa! Niliona betri tu. Taa niliitunga mwenyewe. Niliona wivu... Brijit ana baiskeli, na baba yangu anapata bunju." Akaangua kilio.

Filomina alijifunika mdomo kwa ncha ya sari yake. Kisha Lorans akainuka, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Msimwachie mtoto kosa lote. Msimu wa mvua Silvester aliniita mara mbili twende pamoja. Nilimjibu kwamba ndoana ni za wazee waliochoka. Uvumi huu ulipofika, niliupenda. Sikwenda kumuuliza ndugu yangu, na nyumba zetu zinagusana kuta. Silvester, nisamehe."

Silvester alichukua kijiti kimoja chenye mshipi akakiweka mikononi mwa kaka yake.

Kamati ilimruhusu Silvester kurudi baharini siku ile ile. Lakini Antoni alimgeukia Selin. "Uongo wako ulipita bombani, sokoni na shuleni. Ukweli nao lazima upite huko huko, kwa miguu yako."

Selin alikwenda. Bombani walimsikiliza, na Filomina alikuwa wa kwanza kukiri kwamba naye alichochea. Shuleni alisimama mbele ya darasa akasema kweli. Sokoni kulikuwa kugumu zaidi. Muuzaji mmoja alimjibu, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," na kwa wiki mbili nzima hakununua samaki kwa Metilda. Ndipo Selin alipojua kwamba kuna maneno ambayo hata anayeyatoa hawezi kuyakusanya yote.

Lorans alianza kwenda mwambani na mdogo wake. Siku ya kwanza alirudi na ngisi watatu tu na vidole vilivyochanwa na mshipi, lakini alikuwa akicheka. "Silvester ananifokea kama mwanafunzi wake!" alimwambia Tresia.

Brijit hakuzungumza na Selin kwa muda mrefu. Siku moja mchana, Selin alikwenda kwa Metilda, akaketi bila kuambiwa, akaanza kumsaidia kusafisha ngisi. Wino mweusi ulimrukia usoni. Brijit, aliyekuwa mlangoni, alijizuia kucheka, akashindwa.

"Si hivyo, unampasua," alisema, akakaa karibu naye. "Shika hapa, vuta taratibu."

Metilda aliwatazama wote wawili, kisha akasema, "Selin mwanangu, wivu humpata kila mtu. Hata mimi zamani niliwahi kuwaonea wivu mama yako na baba yako, wavu wao ulipokuwa ukijaa. Ukikupata, usiupe mdomo. Nenda kwa yule unayemwonea wivu ukamuulize, 'Mwenzangu, umefanyaje?' Bahari imetubadilikia sote. Aliyegundua njia akifungiwa ufukweni kwa uongo, hakuna atakayebaki wa kutufundisha, na tutalala njaa sisi na yeye."

"Nimesikia, mama mdogo," Selin alijibu.

"Basi nawa uso," Metilda alisema, "kisha mwombe Brijit akufundishe kuendesha baiskeli. Mwombe wewe mwenyewe."