Kiwanda Kisicho na Ajali

Maiti ya Nahumu ilikutwa alfajiri kando ya barabara kuu, nje kidogo ya Makambako, imekanyagwa na lori lisilojulikana. Trafiki waliandika ajali ya kawaida, wakataka jalada lifungwe. Inspekta Luqmani, mtu mgumu kuridhika, alimvua marehemu buti. Zilikuwa mpya, hazina hata mkunjo. Miguu ilikuwa imebabuka, kijani hadi magotini.

"Dawa ya kuzuia mchwa kwenye nguzo za umeme," alisema daktari baada ya uchunguzi wa maiti. "Imemuunguza vibaya. Lakini kilichomuua ni lori. Lilimkuta hai."

Mjane, Idda, alishuka kutoka Makete kuja kumchukua mumewe.

"Mama, marehemu alikuwa na buti za kazi?"

"Buti, afande? Miaka mitatu pale kiwandani Njombe anaingia kwenye tangi la dawa pekupeku. Buti wanapewa wakija Wazungu kupiga picha. Jioni zinarudi stoo."

Luqmani alipanda Njombe, kwenye kiwanda cha nguzo. Ukutani kwa meneja Denis kulikuwa na cheti cha mwaka 2002, tena kwenye fremu ya dhahabu: kampuni imejiunga kwa hiari na mpango wa dunia wa makampuni yanayojali watu.

"Nani anawakagua?"

"Hakuna. Tunajiandikia ripoti wenyewe."

"Ya mwaka huu inasemaje?"

"Hakuna ajali."

Luqmani alitupa buti mezani. "Zina namba ya stoo yako. Daftari la stoo linaonyesha zilitoka juzi kwa sahihi yako."

Na baridi yote ile ya Njombe, Denis alitokwa na jasho.

"Aliteleza tangini," alisema hatimaye. "Wanunuzi wa ng'ambo wanakuja wiki ijayo. Aliyejiunga na mpango ule hawamuulizi maswali. Hata mkaguzi wa serikali akikiona kile cheti anakunywa chai, anaondoka. Ndiyo maana tulijiunga! Hospitali wangeandika alikoumia, tungefutwa kwenye mpango."

"Ukamlaza barabarani."

"Kulikuwa na ukungu. Hakuweza kusimama."

"Buti za nini?"

"Akitambuliwa, ionekane tunawajali."

Luqmani alisimama. Alitoa pingu. "Alijua unampeleka wapi?"

Denis alinyoosha mikono ifungwe.

"Nilimwambia tunakwenda hospitali. Njia nzima alikuwa ananishukuru."