Bega la Verdell na Sahihi ya Otha

Kila Ijumaa saa kumi alasiri, Otha Pettway alimfuata mkewe kiwandani. Verdell alikuwa mkata minofu ya kambare, na katika wilaya yao ya Mississippi hakuna aliyemshinda kwa kasi ya kisu. Ijumaa hiyo walikuwa njiani kurudi nyumbani. Pikapu nyeupe ilipita taa nyekundu, ikawagonga upande aliokaa Verdell.

Dereva aliteremka mikono juu. Alikuwa Lavelle Stubbs, mwimbaji wa sauti nzito kanisani kwao.

"Ndugu Otha, nakuomba usiite polisi. Bima yangu ilikatika. Sisi ni watu wa kanisa moja. Gari nitalitengeneza mwenyewe."

"Bega linaniwaka," Verdell alisema.

"Tutaliwekea barafu," Otha alijibu. Akampa Lavelle mkono. Hakuita polisi. Hakupiga hata picha moja.

Wiki ilipokwisha, Verdell alishindwa kuinua kikombe. Daktari alisema msuli wa bega umechanika na unahitaji upasuaji. Bima ya kiwandani ingelipa sehemu tu. Otha alimpigia Lavelle simu siku nne mfululizo. Kimya. Jumapili akamkuta nje ya kanisa.

"Mbona mkeo alitembea vizuri siku ile?" Lavelle alisema. "Una karatasi ya polisi?"

"Lavelle, ulinishika mkono!"

"Nishtaki basi. Utachukua nini, tai hii?"

Otha nusura amnyonge kwa tai hiyo. Wazee wawili walimshika.

Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Bi Earline, ambaye alifanya kazi katika ofisi ya bima miaka ishirini na sita. Alimkuta barazani akipukuchua kunde. Otha alibwaga mfuko wa karatasi mezani.

"Kampuni ya bima ni wezi, Bi Earline! Nina bima kubwa, na wanasema bega la Verdell haliwahusu!"

"Kaa chini. Unanimwagia kunde."

Alivaa miwani, akapekua karatasi. "Otha, hiyo bima kubwa inatengeneza gari lako. Sehemu nyingine inawalipa watu utakaowaumiza wewe. Sasa, ukiumizwa na mtu asiye na bima, nani atakulipa?"

"Si yeye?"

"Hana. Ndiyo maana kuna kinga ya dereva asiye na bima. Inakulipa kampuni yako mwenyewe. Matibabu, mshahara uliopotea, wewe na uliowabeba. Hapa kwetu kampuni lazima ikupe, isipokuwa ukatae kwa maandishi." Alisukuma karatasi moja. "Hii sahihi ni ya nani?"

Otha aliinama. "Yangu."

"Soma juu yake."

Alisoma polepole. "Ninakataa kinga dhidi ya dereva asiye na bima." "Yule kijana wa ofisi ya bima aliniwekea alama ya mahali pa kusaini. Alisema bei itashuka. Ningeokoa kama bei ya kuku wawili kwa mwezi."

"Kuku wawili?"

Verdell alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkono umefungwa kitambaa shingoni.

"Kwa hiyo bega langu ni kuku wawili, Otha? Na walikuwa wa kukaanga au wa kuchemsha?"

Otha alikunja ile karatasi.

"Naweza kuiweka kinga hiyo kesho?" Otha aliuliza.

"Weka. Lakini hairudi nyuma kulipa ajali iliyopita," Bi Earline alisema. "Kwa bega hili mwone wakili, ingawa kumshinda asiye na kitu ni kushinda karatasi. Na kwa kinga mpya, chukua kiwango kilekile ulichonacho cha kuwalipa wengine. Na ukigongwa, hata na askofu, ita polisi. Piga picha. Ijulishe kampuni yako siku hiyohiyo. Usipatane na mtu barabarani."

Jumatatu Otha alisimama mbele ya kijana wa ofisini.

"Bei itapanda, mzee."

"Ipande! Na leo sisaini mpaka nisome kila mstari."

Alisoma dakika arobaini. Foleni ilifika mlangoni. Mtu akaguna, Otha akageuka, akamtazama hadi akanyamaza.

Mwezi Machi mwanamke mmoja alimgonga kwa nyuma. Goti la Otha liliumia. Mwanamke alilia kwamba hana bima na ana watoto.

"Pole, dada," Otha alisema. "Lakini polisi wanakuja."

Safari hii kampuni ya bima ya Otha ililipa kliniki yote na mshahara wa wiki tano alizokosa kazi. Otha alipoisoma barua ya malipo, Verdell alikuwa ndiyo kwanza ametoka kiwandani. Sasa alibandika lebo kwa mkono wa kushoto, kwa mshahara mdogo. Kisu chake kilipewa mwingine.

"Goti lako lina bahati," alisema, akaingia ndani.

Jumamosi, wanaume wa kanisa walikutana kukaanga samaki. Otha alisimama. Lavelle naye alikuwepo, mdomo umejaa.

"Sikuja kumsema Lavelle," Otha alisema. "Yeye anajijua. Goti langu limelipiwa. Bega la mke wangu halikulipiwa, kwa sababu nilisaini nisichokisoma, nikaacha kuita polisi ili nimpendeze mtu. Nani kati yenu anajua alichokisaini?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi acheni kula. Nendeni mkalete karatasi zenu. Bi Earline anawasubiri."

Wanaume kumi na mmoja walikwenda.