Mgongo wa Kifungo

Kila alasiri, baada ya kuvua sare na kuosha vyombo, Kifungo alikwenda kwenye duka la shangazi yake, palipochapishwa kadi na mabango. Jina hilo alilipata kwa mama yake, fundi cherehani, aliyechora kifungo chekundu chenye matundu manne kuwa nembo ya kibanda chake. Wateja hawakuacha kumtania mtoto: "Wewe umepewa kifungo cha miaka mingapi?" Naye hujibu bila kucheka, "Cha maisha."

Sasa kibanda kilikuwa kimefungwa. Mama alikwenda nchi ya mbali kushona kiwandani, na alipiga simu kila Jumapili. Kifungo alimkumbuka zaidi jioni, mashine za kuchapisha zinapozimwa na duka kuwa kimya. Kilichomkaa moyoni ni mgongo wa mama siku ya safari: shali ya buluu, begi begani, akiingia mlangoni bila kugeuka nyuma. Alitamani sana auone uso wa mama ana kwa ana, hata kwa dakika moja.

Jumapili moja mama alisema, "Mwanangu, huku kwenye matangazo kila nembo inazunguka. Yangu imelala tu bangoni. Natamani siku moja niione inazunguka."

"Jumapili ijayo utaiona," Kifungo alijibu palepale.

Shangazi akamfundisha kwenye kompyuta. Unachora picha nyingi zinazofuatana, na katika kila picha unakibana kifungo upana wake kidogo, mpaka kibaki ubavu tu. Kisha unakipanua tena, lakini sasa unachora upande wa nyuma. Picha zikipita haraka, jicho linaamini kwamba kinazunguka.

Upande wa mbele ulimwendea vizuri. Wa nyuma ulimtoa jasho, akafuta na kuchora mpaka akachoka. Jumamosi akachukua njia ya mkato: alizirudia picha zilezile za mbele kuanzia mwisho, kisha akamwita shangazi aje aone.

Shangazi aliinama mbele ya kioo cha kompyuta, akatazama, akatazama tena. "Hiki hakizunguki," alisema. "Kinakonyeza."

Kifungo alicheka, kisha akanuna. "Shangazi, mama yuko mbali. Kwenye kile kisimu chake hataona."

"Aliye mbali ndiye anayetazama sana. Ile picha yako ya darasani, alinipigia simu kuniuliza mbona kola ina mkunjo."

Kifungo aliinamisha kichwa. "Nilijua si sawa," alisema polepole. "Lakini mgongo wa kifungo siujui ulivyo. Nilikuwa nakisia tu."

Shangazi hakumkaripia. Alichukua ufunguo wakaenda kibandani. Ndani ya droo ya cherehani kilikuwemo kifungo chekundu chenyewe, kile ambacho mama alikitazama alipochora nembo. Kifungo akakigeuza. Nyuma palikuwa na alama ndogo ya jino, kwa kuwa mama alikuwa na mazoea ya kukibana kifungo menoni akitunga uzi kwenye sindano. Machozi yakamlengalenga. Akakitia mfukoni, wakarudi dukani, akaanza upya.

Jumapili, mama alipoipata video, simu ilinyamaza.

"Mama, umekatika?"

"Nipo." Sauti ilikuwa nzito. "Umeweka mpaka alama ya jino langu."

"Mwanzoni nilitaka kukudanganya," Kifungo alisema. "Nilirudia picha za mbele tu. Nilidhani hutaona."

"Ningeona, mwanangu. Ningekushukuru na kunyamaza, na ningeumia. Kazi uliyoifanya mpaka upande usioonekana, hiyo ndiyo inaniambia kwamba unanipenda."

Swali la Kifungo la siku nyingi likatoka lenyewe. "Mama, siku ile mbona hukugeuka?"

"Ningegeuka, nisingeondoka." Mama akavuta pumzi. "Sasa kitazame hicho kifungo chako. Kinakupa mgongo, sivyo? Subiri kidogo. Kinafanya nini?"

"Kinarudisha uso."

"Basi na mimi bado nazunguka."

Kifungo alijipangusa macho kwa kiganja. Shangazi, aliyekuwa akijifanya anapanga karatasi, naye akajipangusa yake.

"Haya," mama alisema, "kizungushe tena, tukitazame pamoja."